Seva Pia Hulipa Kodi ya Keja: Kwa Nini Kampuni Zinahamisha Mashine Zao Kutoka Ofisini

Unakumbuka ule tumbili? Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda paa ya kituo cha umeme cha Gitaru, akateleza, akaangukia transfoma. Transfoma ikazima, mashine zingine zikalemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea na Kenya nzima ikaingia giza. KenGen wenyewe ndo walitoa hiyo stori, si mambo ya mtandaoni. Na tumbili, usijali, alipona.

Sisi tulicheka tukatengeneza utani wa kutosha. Lakini kuna wasee hawakucheka. Ni wale seva zao zilikuwa zimekaa kwa ofisi hapo tao, chini ya meza, zikitegemea ile stima yako na yangu.

Mimi nimewahi kufanya kazi kwa ofisi ya aina hiyo. Kampuni sitaitaja, na mdosi sitamchoma picha. Tulikuwa tunauza vitu mtandaoni na kuzipeleka hadi mlangoni kwa mteja. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu. Seva yetu, ile kompyuta kubwa iliyobeba oda zote, namba za wateja na rekodi za malipo, ilikuwa imewekwa kwa kachumba kando ya jikoni. Mama wa chai alikuwa anaweka sukari juu yake. AC ilikuwa ya jengo, na ilikuwa inatosha kabisa.

Sasa ikafika wikendi ya Pasaka. Wenye jengo wakazima AC kutoka Ijumaa hadi Jumanne asubuhi, kubana matumizi. Hakuna mtu alituambia, na hakuna mtu aliuliza. Seva iliendelea kufanya kazi kwa kachumba kasikokuwa na dirisha, ikijipika yenyewe. Jumanne tukaifungua mlango, joto likatugonga usoni kama la tanuri la mkate. Diski mbili zilikuwa zimekufa. Oda za siku nne zilikuwa zimeishia hivyo, na bakapu, utacheka, ilikuwa kwa diski ya nje iliyochomekwa kwa seva hiyo hiyo.

Wiki nzima nilikuwa nashika simu za watu wakiniambia wametuma pesa na hakuna mzigo. Kuna dada mmoja alikuwa amenunua viatu vya mtoto vya kurudi shule. Alikuwa na ujumbe wa malipo, mimi sikuwa na chochote. Nilimwambia "subiri kidogo tunaangalia" mara nne siku moja, na mimi najua hakuna kitu tunaangalia. Hiyo kitu inauma.

Miezi miwili baadaye mdosi akahamisha seva. Akaipangia keja Mombasa Road. Na hapo ndo nilijua kuna biashara nzima ya kupangishia mashine nyumba. Huko kwa wasee wa IT wanaiita kolokesheni.

Nikuelezee vile inafanya, maana ukiwa umewahi kupanga Nairobi tayari unaielewa nusu.

Kolokesheni ni ploti. Mwenye ploti amejenga jengo kubwa, akaweka stima, baridi, ulinzi na nyaya za intaneti. Wewe unakuja na vitu vyako. Seva ni yako, umeinunua na pesa yako, ikiharibika ni wewe unanunua nyingine. Yeye anakupa tu mahali pa kuiweka. Hiyo ndo tofauti na klaudi. Klaudi ni kama ile keja ya kulala usiku mbili, kitanda na masufuria ni ya mwenyewe, wewe unakuja na begi tu. Kwa kolokesheni unakuja na kitanda chako, jiko lako na kabati lako.

Vyumba vyenyewe ni makabati ya chuma yanayoitwa raki. Raki ya kawaida ina upana wa inchi 19 na imegawanywa nafasi 42, kila nafasi kimo cha sentimita kama 4.5. Ukiwa na seva moja nyembamba unalipia nafasi moja, hiyo ndo bedsita. Ukiwa umeomoka kiasi unachukua nusu raki, au raki nzima yenye kufuli yako. Benki na kampuni za simu huwa zinachukua raki nyingi na kuzizungushia wavu wa chuma hadi juu, ili jirani asipitie karibu hata kwa bahati mbaya.

Lakini kodi haihesabiwi sana kwa nafasi. Inahesabiwa kwa stima. Swali la kwanza utaulizwa ni mashine zako zinakula kilowati ngapi, maana kila wati inayoingia kwa seva inatoka ikiwa joto, na hilo joto mwenye ploti lazima alitoe nje. Kwa hivyo unalipa stima ya seva, alafu unalipa stima ya kuipoza. Mdosi wetu alishtuka akisikia hiyo hesabu. Seva yetu ya zamani ilikuwa inakula sana kuliko mpya ambayo ingefanya kazi mara mbili yake, kwa hivyo akalazimika kununua nyingine kabla hata ya kuhama.

Hizi ploti ziko wapi? Zingine umezipita na mathree bila kujua. Ukitoka tao kuelekea uwanja wa ndege, kuna moja kubwa ndani ya Sameer Business Park, ilifunguliwa 2013 kama East Africa Data Centre na siku hizi ni ya Africa Data Centres. Karen kuna ya iColo, na hao hao wako pia Miritini, Mombasa. Upper Hill, ndani ya Britam Tower, lile jengo refu lenye kichwa kilichochongoka, kuna ya PAIX. Hazina mabango ya kuita wateja. Nyingi ukiziona unafikiri ni stoo.

Niliingia moja siku ile tulihamisha. Kwa geti wanaandika kitambulisho chako na jina lako lazima liwe lilitumwa mapema. Alafu kidole. Alafu kijumba kidogo chenye milango miwili, mmoja haufunguki kama mwingine haujafungika, na unaingia mtu mmoja mmoja. Picha hakuna. Ndani ni kelele ya feni tupu, mnaongea kwa kupiga kelele sikioni kama mko kwa nganya. Upande mmoja wa raki kuna ubaridi wa asubuhi ya Limuru, ukizunguka nyuma kuna joto la Lodwar. Wamepanga makusudi, hewa baridi inaingia mbele na moto unatoka nyuma, na haziruhusiwi kuchanganyika. Kamwe hawajaribu kufanya chumba kizima kiwe friji, hiyo ni kuchoma pesa. Hewa inayoingia kwa seva ikiwa kati ya nyuzi 18 na 27 inatosha.

Moto ukitokea, hawamwagi maji juu ya mashine. Wana mitungi ya gesi inayozima moto bila kulowesha kitu.

Sasa stima. Hii ndo watu wengi wanalipia. Laini za umeme zikikufa, kuna mabetri yanashika papo hapo, hakuna seva inayozima hata kwa sekunde. Kazi ya mabetri ni kushikilia dakika chache tu, mpaka jenereta za dizeli ziwake na zitulie. Jenereta si moja. Kanuni ni kwamba kama unahitaji mbili, unaweka tatu, ili moja ikidinda au ikiwa kwa matengenezo, hakuna anayejua. Na seva nzuri huwa na nyaya mbili za umeme nyuma, kila moja imechomekwa kwa njia yake tofauti kabisa.

Jenereta kudinda si stori ya kutunga. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima na JKIA ikaingia giza, abiria wakiwa kwa foleni na tochi za simu. Uwanja ulikuwa na jenereta. Shida ni kwamba mojawapo ilikataa kuwaka wakati ule ule inahitajika, na waziri wa uchukuzi akalazimika kuomba nchi msamaha. Kwa hivyo ukisikia ofisi yenu "tuko na jenereta", uliza mara ya mwisho iliwashwa ikiwa imebeba mzigo ni lini. Kwa ploti za seva, kuzijaribu ni kazi ya kila mara na inaandikwa kwa kitabu. Kituo cha daraja la tatu hutajwa na kiwango cha asilimia 99.982, yaani kwa mwaka mzima kinaruhusiwa kuzima kama saa moja na nusu hivi. Sasa jilinganishe na mtaa wenu.

Ukiniuliza mimi lakini, stima si ndo kitu kitamu zaidi. Kitamu ni majirani.

Rudi nyuma hadi 2000. Hapo Kenya ilikuwa na kampuni kadhaa za intaneti na hakuna hata kebo moja ya baharini iliyokuwa imefika Mombasa. Kila kitu kilikuwa kinapitia setilaiti. Na hizo kampuni hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Sasa cheki hii. Uko Westlands kwa kampuni A, unamtumia beste yako barua pepe, yeye yuko South B kwa kampuni B. Hiyo barua ilikuwa inapanda kwa setilaiti karibu kilomita 36,000 juu, inashuka majuu, inapatana na kampuni B huko ughaibuni, inapanda tena, inashuka tena Nairobi. Kilomita zaidi ya 140,000 kuvuka Uhuru Highway. Hata kwa kasi ya mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde kwenda tu, na bado hujajibiwa. Na hiyo safari yote ililipwa kwa dola.

Kampuni hizo, chini ya chama chao TESPOK, zikasema hii ni ujinga. Mwishoni mwa 2000 wakafungua KIXP, mahali pamoja Nairobi ambapo kila mtu analeta waya wake na wanabadilishana data hapa hapa nyumbani. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ndo ilikuwa na haki ya kipekee ya njia za kimataifa, ikalalamika. Mdhibiti akaifunga, baada ya wiki kama mbili tu. Wakapambana mwaka mzima na zaidi, wakielezea kwamba hii si njia ya kwenda nje, ni majirani wanaongea juu ya ua. KIXP ikapewa leseni na ikarudi hewani Februari 2002.

Hiyo ndo maana ya majirani. Kampuni ya simu ikiwa kwa jengo moja na benki, na hapo pia kuna kifaa cha KIXP, na hapo pia kampuni kubwa za video zimeweka nakala za zile klipu watu wanatazama sana, basi hawahitaji kutafutana mbali. Benki ikitaka kuongea na kampuni ya simu ili utoe pesa kwa akaunti hadi kwa simu yako, fundi anavuta waya mmoja kutoka raki hii hadi ile. Mita thelathini. Hakuna kuchimba barabara wala kuomba kibali cha kaunti. Ndo maana ploti ikishajaa majirani wazuri kila mtu anataka kuhamia hapo, na mwenye ploti anajua, na anaweka bei yake.

Na umbali bado una maneno yake hadi leo. M-PESA ilianza 2007, lakini seva zake zilikuwa Ujerumani hadi Aprili 2015 ndo zikaletwa Kenya. Miaka nane, ulikuwa ukitumia mama shao huko Kakamega soo mbili, hesabu yenyewe ilikuwa inafanywa Ulaya. Hiyo si kolokesheni ya kawaida, ni mfumo mkubwa wa kampuni kubwa, lakini unaona vile "iko wapi" si swali la kijinga.

Tarehe 12 Mei 2024 tukakumbushwa. Kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Kitu ambacho seva yake iko majuu kilikuwa kikizunguka tu kwa skrini. Kitu ambacho seva yake iko hapa na kinapita KIXP hakihitaji kuvuka bahari ndo kifike kwako. Kama ni biashara yako ya kuuza tiketi za shoo hapa Nairobi na wanunuaji wote wako Nairobi, fikiria hiyo kabla hujaiweka nchi nyingine kwa sababu tu ni rahisi.

Serikali pia imeshika hiyo rada. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, pamoja na kanuni zake za 2021, zinasema data fulani nyeti kwa nchi, mfano usajili wa raia, uchaguzi na mifumo ya malipo, lazima ichakatwe kwa seva iliyo Kenya, au angalau nakala moja ikae hapa. Wenye ploti hawakulia wakisikia hivyo.

Sasa usinielewe vibaya ukafikiri ukishapanga basi umemaliza. Hapa ndo watu wanalala.

Jumamosi, 15 Oktoba 2022, Pangyo, kusini mwa Seoul, Korea Kusini. Huko watu hawatumii sana WhatsApp, wanatumia KakaoTalk. Nchi ina watu kama milioni 51 na KakaoTalk ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 47. Wanachat hapo, wanaita teksi, wanalipa, wanaingilia akaunti zingine kupitia hapo. Kakao ilikuwa imepanga kwa kituo cha kampuni ya SK C&C, na ndani ya hilo jengo moja ilikuwa na seva kama 32,000.

Saa tisa na kitu mchana, moto ukaanza kwa chumba cha mabetri. Yale mabetri ya kukuokoa stima ikipotea. Wazima moto wakafika, na ili waweze kumwaga maji salama, jengo zima likazimwa stima. Nchi nzima ikanyamaza. Teksi haziitiki, malipo hayaingii, mtu na mchumba wake hawapatani. Kurudisha huduma zote kulichukua masaa 127, na mkurugenzi mkuu mmoja wa Kakao akajiuzulu ndani ya siku nne.

Lakini kwa jengo hilo hilo kulikuwa na mpangaji mwingine mkubwa, Naver. Naye alizimiwa. Naye alipata shida, lakini alirudi haraka sana kuliko mwenzake, kwa sababu kazi zake zilikuwa zimegawanywa kwa vituo tofauti, kikiwemo chake mwenyewe. Kakao ilikuwa na nakala za data, ndio. Uchunguzi wa serikali ulipata kwamba vile vifaa vya kuhamisha kazi kutoka kituo kimoja hadi kingine vilikuwa Pangyo, na nakala ya hivyo vifaa pia ilikuwa Pangyo. Ni kama kufungia funguo za akiba ndani ya nyumba.

Nilipoisoma hiyo ripoti nilikumbuka diski yetu ya nje, imechomekwa kwa seva iliyoungua. Kakao ni mabilionea na sisi tulikuwa wasee kumi na mmoja na birika moja, lakini kosa lilikuwa lile lile.

Kwa hivyo ukipanga, jua unachopewa na usichopewa. Mwenye ploti anakuhakikishia stima, baridi, mlango na waya. Programu yako ikijaa wadudu, hiyo ni yako. Nywila yako ikiwa "admin123" na mtu akaingia kupitia mtandao, askari wa geti hawezi kumwona. Diski ikifa saa nane usiku, kuna mafundi wa zamu ambao unaweza kuwapigia wakuzimie na kukuwashia au wakubadilishie diski, na hiyo inalipiwa kwa saa. Nakala ya pili mahali pengine, tena mbali, ni kazi yako na gharama yako. Mdosi wetu alipoelewa hivyo, alichukua nafasi nyingine ndogo Mombasa, na kila usiku data inanakiliwa hadi huko. Alilalamika juu ya hiyo bili kwa kila mkutano. Hajawahi kuifuta.

Na wewe mwenye ka-biashara ka nguo kwa Instagram na tovuti moja, unahitaji kolokesheni? Hapana, buda, hifadhi doh yako. Chukua klaudi ya bei ya chini, na hakikisha bakapu iko kwa akaunti tofauti. Kolokesheni inaanza kuleta maana ukiwa na mashine zako mwenyewe zinazofanya kazi saa 24 kila siku, pale ambapo bili ya klaudi ya kila mwezi imeanza kukaribia bei ya kununua seva, au sheria inakutaka ujue data iko chumba gani. Sacco za kiasi, hospitali, kampuni za kubeti, vituo vya redio, hao ndo wapangaji.

Kama ni ajira unatafuta, hizo ploti zinahitaji watu, na si wote ni wa kuandika programu. Kuna mafundi wa stima, wa jenereta, wa mashine za baridi, wa kuunganisha faiba. Rafiki yangu mmoja alisomea umeme chuo cha ufundi na saa hizi anafanya zamu za usiku kwa moja ya hizo. Anasema kazi kubwa ni kutembea na kuangalia namba, na siku stima ikipotea nchini yeye hujua kwa mlio wa jenereta kabla Twitter haijajua.

Yule dada wa viatu, kwa wale mnauliza, alirudishiwa pesa. Tulipata malipo yake kwa taarifa za kampuni ya simu, ambao rekodi zao hazikuwa zimekaa kando ya sufuria ya chai. Mtoto alikuwa amesharudi shule na viatu vya zamani.